Mtwara hadi Pemba ya Msumbiji: Kilomita 295 angani, safari ya siku nzima

MKAZI wa Kitangari, wilayani Newala, anayetaka kwenda Pemba, makao makuu ya Jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, atafurahi akiipima safari yake kwa rula juu ya ramani. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Mtwara hadi Uwanja wa Ndege wa Pemba ni takribani kilomita 295 tu kwa mstari mnyoofu. Umbali huo ni mfupi kuliko ule wa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, ambao ni takribani kilomita 400 angani.

Hata hivyo, furaha hiyo huisha pale msafiri anapoanza kuulizia tiketi. Ratiba za mashirika ya ndege hazina safari ya moja kwa moja ya abiria kati ya viwanja hivyo viwili. Anayetaka kuruka kwenda kusini hulazimika kwanza kuruka kwenda kaskazini, na kilomita 295 za ramani hugeuka kuwa zaidi ya kilomita elfu moja.

Makala haya yanaeleza jinsi umbali huo unavyokokotolewa, muda halisi wa safari kwa ndege na kwa barabara, na mambo ambayo msafiri anapaswa kuyafahamu kabla ya kufunga mizigo.

Pemba ipi?

Jambo la kwanza ni jina. Kwa Mtanzania wa kawaida, Pemba ni kisiwa cha Zanzibar. Uwanja wa ndege wa kisiwa hicho hutambulika katika tiketi kwa herufi PMA. Pemba ya Msumbiji ni mji wa bandari, na uwanja wake hutambulika kwa herufi POL.

Herufi hizo hazifanani na jina la sasa la mji kwa sababu za kihistoria. Wakati wa utawala wa Wareno mji huo uliitwa Porto Amélia. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975, jina la mji lilibadilishwa, lakini herufi za uwanja zilibaki zilezile.

Kosa la herufi hizo si dogo. Kutoka Mtwara, Pemba ya kisiwani ipo takribani kilomita 565 upande wa kaskazini, wakati Pemba ya Msumbiji ipo kilomita 295 upande wa kusini. Anayekata tiketi kwa njia ya intaneti au kwa wakala asiye makini anaweza kujikuta amelipia safari ya upande usio wake. Njia ya uhakika ni kusoma herufi tatu zilizoandikwa kwenye tiketi: MYW ni Mtwara, DAR ni Dar es Salaam, na POL ni Pemba ya Msumbiji.

Umbali hupimwaje?

Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege hukokotolewa kwa kutumia nyuzi za latitudo na longitudo za kila uwanja. Uwanja wa Mtwara upo karibu na nyuzi 10.34 kusini na 40.18 mashariki. Uwanja wa Pemba upo karibu na nyuzi 12.99 kusini na 40.52 mashariki.

Nyuzi moja ya latitudo ni sawa na takribani kilomita 111. Tofauti ya latitudo kati ya viwanja hivyo ni nyuzi 2.65, ambazo ni sawa na kilomita 293 za kwenda kusini. Tofauti ya longitudo ni ndogo, theluthi moja hivi ya nyuzi, ambayo kwa eneo hili ni kilomita 37 za kwenda mashariki. Pande hizo mbili zikiunganishwa kwa kanuni ya pembetatu mraba inayofundishwa shuleni, jibu ni takribani kilomita 295, sawa na maili 183 za nchi kavu au maili 159 za baharini, ambazo ndizo hutumiwa na marubani.

Kwa safari ndefu za kuvuka bara, hesabu hiyo haitoshi kwa sababu dunia ni duara, hivyo hutumika kanuni nyingine inayozingatia mviringo huo. Kwa masafa mafupi kama haya, tofauti ya majibu ni ndogo mno.

Ikumbukwe kwamba kilomita hizo ni za uwanja hadi uwanja. Hazihesabu mwendo wa kutoka nyumbani hadi uwanjani, wala mzunguko ambao ndege hulazimika kuufanya inapopaa na inapojipanga kutua.

Muda wa kuruka

Mitambo mingi ya kukokotoa safari hugawanya umbali kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kutua. Kwa kanuni hiyo, Mtwara hadi Pemba ni dakika 52.

Hesabu hiyo imetungwa kwa kufikiria ndege kubwa za jeti. Katika njia fupi, ndege za pangaboi ndizo zinazofaa zaidi. Ndege ya aina hiyo iendayo kilomita 500 kwa saa ingetumia takribani dakika 50 hadi saa moja, yaani muda usiopishana sana na ule wa jeti, kwa kuwa jeti haipati nafasi ya kutosha ya kuonesha kasi yake kabla ya kuanza kushuka. Ndege ndogo ya kukodi yenye injini moja, iendayo kilomita 300 kwa saa, ingetumia saa moja na dakika 10 hivi.

Kwa upande wa miundombinu, Mtwara haina udhaifu wa kuzuia safari hiyo. Uwanja huo, uliojengwa miaka ya 1950, umefanyiwa ukarabati na upanuzi mkubwa ambao ulizinduliwa Septemba 2023, na barabara yake ya kurukia imerefushwa hadi mita 2,800. Ndege zinazotumika katika safari za kati ya nchi jirani zinaweza kutua hapo.

Kuwasili kabla ya kuondoka

Kuna jambo jingine linalowachanganya wasafiri, nalo ni saa ya ukutani. Tanzania hufuata saa za Afrika Mashariki, wakati Msumbiji hufuata saa za Afrika ya Kati, ambazo zipo nyuma kwa saa moja.

Ndege ikiondoka Mtwara saa 3:00 asubuhi na kuruka kwa dakika 50, itatua Pemba saa 2:50 asubuhi kwa saa za huko. Kwa kusoma tiketi peke yake, abiria atadhani amefika dakika 10 kabla ya kuondoka. Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Akiondoka Pemba saa 3:00 asubuhi, atatua Mtwara saa 4:50, na safari ileile itaonekana kuchukua karibu saa mbili.

Tofauti hiyo haitokani na jua. Pemba ipo mashariki zaidi kidogo kuliko Mtwara, hivyo jua huchomoza katika miji hiyo miwili kwa nyakati zinazokaribiana sana. Saa hizo ni uamuzi wa serikali, na Msumbiji, ambayo ni nchi ndefu inayoenea hadi karibu na Afrika Kusini, imechagua saa zinazolingana na jirani zake wa kusini.

Kwa msafiri wa barabara, tofauti hiyo ina athari mpakani. Ofisi mbili zinazofungua milango saa ileile ya ukutani hazifungui kwa wakati mmoja. Anayegongewa muhuri wa kutoka upande wa Tanzania mara tu ofisi inapofunguliwa anaweza kukuta ng'ambo bado hawajaanza kazi. Jioni, ofisi ya upande wa Tanzania ndiyo inayotangulia kufungwa, hivyo anayerudi nyumbani kwa kutegemea saa ya Msumbiji anaweza kukuta mlango wa nyumbani umeshafungwa.

Kaskazini kwanza, kusini baadaye

Kwa kukosekana kwa safari ya moja kwa moja, njia ya ndege iliyo fupi kuliko zote ni ya kupitia Dar es Salaam. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita 400 hivi, na ndege hutumia takribani saa moja. Dar es Salaam hadi Pemba ni kilomita 690, ambazo ndege huzimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Jumla ni karibu kilomita 1,090, yaani zaidi ya mara tatu na nusu ya umbali halisi.

Shirika la Ndege la Msumbiji, LAM, ndilo ambalo kwa miaka mingi limehusishwa na njia ya Dar es Salaam na Pemba, lakini safari hizo zimekuwa zikisitishwa na kurejeshwa kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo msafiri hana budi kuthibitisha ratiba kabla ya kukata tiketi ya kipande cha Mtwara.

Njia ya Dar es Salaam isipokuwapo, mzunguko huwa mkubwa zaidi. Shirika la Airlink la Afrika Kusini limekuwa likiruka kati ya Johannesburg na Pemba. Anayepita huko kutoka Mtwara husafiri zaidi ya kilomita 4,700 angani, sawa na mara 16 ya umbali wa ramani, ili afike mahali ambapo ndege ingefika kwa dakika 50.

Hesabu ya kutoka Kitangari

Kwa wakazi wa uwanda wa juu wa Makonde, safari haianzii uwanjani. Kitangari kwenyewe kupo takribani kilomita 290 kutoka Pemba kwa mstari mnyoofu. Maana yake ni kwamba mtu anayetoka Kitangari kwenda Mtwara kufuata ndege husafiri karibu kilomita 100 za angani, na nyingi zaidi za barabara, bila kuikaribia Pemba hata kidogo.

Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi ina urefu wa takribani kilomita 210. Kipande cha kwanza cha kilomita 50, kutoka Mtwara hadi Mnivata, kilitangulia kuwekwa lami. Kilomita 160 zilizobaki, kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi, ziliingia katika mpango wa ujenzi wa lami miaka ya 2020. Muda wa basi katika barabara hiyo hutegemea msimu na hatua ya ujenzi.

Kwa makadirio ya kawaida, msafiri wa Kitangari atenge saa tatu hadi nne za barabarani hadi Mtwara, saa moja na nusu ya kukaguliwa na kusubiri, saa moja ya kuruka hadi Dar es Salaam, saa nne za kubadilisha ndege na kukamilisha taratibu za uhamiaji, saa moja na nusu ya kuruka hadi Pemba, na saa moja ya kugongewa muhuri na kuchukua mizigo. Jumla ni saa 12 au zaidi, tena iwapo ndege zote mbili zinapatikana siku hiyohiyo. Zisipopatikana, itabidi alale Dar es Salaam, na gharama ya nyumba ya wageni iongezwe katika hesabu.

Katika saa hizo 12, saa za kuruka ni mbili na nusu tu. Zilizobaki ni za barabarani na za kusubiri.

Njia ya daraja

Wengi wa wasafiri wa uwanda huo hawaendi Pemba kwa shughuli za mjini. Huenda kuwatazama ndugu walioko Mueda, mji ulio juu ya uwanda wa Makonde wa upande wa Msumbiji. Wamakonde wa pande zote mbili ni watu wenye lugha moja kwa asili. Mpaka wa Mto Ruvuma uliowatenganisha ulikubaliwa kati ya Wajerumani na Wareno katika mkataba wa Desemba 30, 1886. Wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964, wakimbizi wengi kutoka Cabo Delgado walivuka mto huo na kupokewa kusini mwa Tanzania.

Kutoka Kitangari hadi Mueda ni takribani kilomita 115 tu kwa mstari mnyoofu. Lakini gari haliwezi kufuata mstari huo kwa sababu hakuna daraja mbele ya Newala. Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lipo mbali magharibi, Mtambaswala wilayani Nanyumbu. Lilizinduliwa Mei 12, 2010 na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania na Rais Armando Guebuza wa Msumbiji.

Hivyo msafiri hupanda hadi Newala, hushuka hadi Masasi, huenda Mangaka kilomita 54, kisha Mtambaswala kilomita nyingine 65 hivi. Akishavuka daraja na kuingia Negomano, bado ana takribani kilomita 170 za kurudi mashariki hadi Mueda. Masasi hadi Mueda pekee ni karibu kilomita 290, kabla ya kuongeza mwendo wa kutoka Kitangari hadi Masasi.

Anayetoka mjini Mtwara hadi Pemba kwa njia hiyo ana mzigo mkubwa zaidi. Mtwara hadi Masasi kupitia Mingoyo ni kilomita 200, na Masasi hadi Mueda ni 290. Hata kama barabara ya kutoka Mueda hadi Pemba ingenyooka kama rula, isingepungua kilomita 180. Kwa hiyo safari yote haiwezi kuwa chini ya kilomita 670, na kwa kuwa barabara hainyooki, uhalisia ni zaidi ya hapo. Si safari ya siku moja.

Ipo pia njia ya pwani, kupitia kivuko cha Kilambo kusini mwa Mtwara, ambako pantoni huvusha watu na magari karibu na mahali Ruvuma unapoingia baharini. Uvushaji wa hapo hutegemea kujaa na kupwa kwa maji, na umekuwa ukikatika mara kwa mara.

Usalama

Umbali mwingine haupimwi kwa kilomita. Tangu Oktoba 5, 2017, wapiganaji wenye silaha waliposhambulia mji wa Mocímboa da Praia, sehemu kadhaa za Cabo Delgado zimekumbwa na machafuko. Mocímboa da Praia, mji ambao uwanja wake mdogo wa ndege upo kilomita 115 tu kutoka Mtwara, ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa na majeshi ya Rwanda na Msumbiji Agosti 2021. Palma, ulio karibu zaidi na mpaka, ulishambuliwa Machi 24, 2021. Upande wa Tanzania, kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilivamiwa Oktoba 2020.

Machafuko hayo ndiyo yanayofanya njia ndefu ya ndege iwe na thamani kwa baadhi ya wasafiri. Pemba, tofauti na miji hiyo ya kaskazini, ilibaki kuwa kimbilio la maelfu ya watu waliokimbia makazi yao. Mwenye ndugu aliyehamia huko kutoka Mueda au Palma anaweza kumfikia kwa ndege bila kupita katika barabara za maeneo yenye hatari. Anayechagua barabara anapaswa kuulizia hali ya usalama ya wiki hiyohiyo, si ya mwaka jana.

Kwa nini hakuna ndege?

Sababu ya kwanza ni abiria. Shirika la ndege huhitaji viti vijae mara kadhaa kwa wiki, kwenda na kurudi. Wasafiri wengi kati ya pande hizo mbili ni wakulima na wafanyabiashara wadogo ambao nauli ya ndege huwalemea.

Sababu ya pili ni taratibu. Safari ya kati ya nchi na nchi huhitaji ruhusa chini ya makubaliano ya serikali mbili, na uwanja unaopokea ndege hiyo lazima uwe na maofisa wa uhamiaji, forodha na afya kila inapotua.

Sababu ya tatu ni mpangilio wa mashirika yenyewe. Mengi hukusanya abiria katika kituo kimoja kikuu na kuwasambaza kutoka hapo. Kwa Tanzania kituo hicho ni Dar es Salaam, na kwa Msumbiji ni Maputo. Miji ya pembezoni inayotazamana mpakani hubaki imeunganishwa na miji mikuu yake, lakini haijaunganishwa yenyewe kwa yenyewe.

Takwimu kwa ufupi

Umbali ufuatao ni wa mstari mnyoofu na ni wa makadirio:

Mtwara hadi Pemba (Msumbiji): kilomita 295.
Mtwara hadi Mocímboa da Praia: kilomita 115.
Mtwara hadi Dar es Salaam: kilomita 400.
Dar es Salaam hadi Pemba (Msumbiji): kilomita 690.
Masasi hadi Pemba (Msumbiji): kilomita 315.
Kitangari hadi Mueda: kilomita 115.
Mtwara hadi Pemba (kisiwani): kilomita 565.

Raia wa Tanzania huingia Msumbiji kwa ziara fupi bila viza, lakini pasi ya kusafiria iliyo hai ni ya lazima, na ni busara kubeba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Aidha, msafiri asikate tiketi ya Mtwara hadi Dar es Salaam kabla ya kuhakikisha siku ambayo ndege ya Pemba inaruka. Siku hiyo ndiyo itakayoamua iwapo safari yake itakuwa ya saa 12 au ya siku mbili.